PlayStation 2 ile nene: nimeifungua, nimeichokonoa, na hii ndiyo hukumu yangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Kireka, pembeni ya Kampala. Mashine ya gemu, padi mbili, nyaya zake na kadi ya memori: shilingi 180,000 za Uganda. Vifaa vilivyofuata na mkono wa fundi: kama 160,000. Ukijumlisha yote, bado hujafikisha bei ya padi mbili mpya za PS5 kwenye maduka ya mjini, na hapo PS5 yenyewe hujaigusa.

Ninayoisema ni PlayStation 2 ya umbo la kwanza, lile pana, jeusi, lenye mifereji ubavuni. Siyo ile nyembamba iliyokuja mwaka 2004. Ilitoka Japani Machi 2000, ikaingia Ulaya Novemba mwaka huohuo, na Sony walipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 walikuwa wameshauza zaidi ya milioni 150. Nyingi zilizochokwa huko ng'ambo zilikuja kumalizia nguvu zao kwetu, vibandani.

Na vibanda navijua. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, katika zile nyumba za bati tunazoziita mama ingia pole, na baba yangu mdogo alikuwa na kibanda cha gemu jirani na kambi. Likizo zikifika, mimi ndiye niliyeshika kopo la hela. Shilingi 200 kwa mechi, anayefungwa anasimama, anayeshinda anabaki kitini. Mashine ziliwashwa watoto wakishamaliza chai ya asubuhi, zikazimwa usiku afande wa zamu akija kutawanya watu. Joto la bati, vumbi la barabara, padi zinazovutwa na kubamizwa chini na watu wazima waliofungwa bao dakika ya mwisho. Kwa hiyo nikiisifu mashine hii, msidhani nasifu utoto wangu. Nimeiona ikifanya kazi ambayo hakuna mhandisi aliyeiundia.

Yangu ni SCPH-50004. Namba hiyo iko kwenye kibandiko cha nyuma, na tarakimu ya mwisho ndiyo ya kutazama kabla hujafungua pochi. Ikiwa 3, ni ya Uingereza. Ikiwa 4, ni ya Ulaya bara. Zote mbili zinatumia volti 220 hadi 240, umeme kama wetu. Ikiwa 1, ni ya Marekani, volti 120. Ikiwa 0, ni ya Japani, volti 100. Muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika, katikati ya jiji, alining'ang'ania nichukue ya Japani. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo, na bei yake ya chini. "Itawaka tu, nyabo," akaniambia, yaani bibie kwa Kiganda. Ingewaka kweli, mara moja tu, kisha ingeungua.

Niliyoichukua nilimkuta nayo kijana wa Bweyogerere aliyekuwa anahama nyumba. Akaniambia waziwazi kwamba inawaka lakini haisomi sidii. Watu wengi wakisikia hivyo huondoka. Mimi ndipo nilipoanza kushusha bei, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini.

Kuifungua si kazi kubwa. Skrubu zimejificha chini ya mashine, ndani ya vifuniko vidogo ambavyo unavinyanyua kwa ncha ya kisu, na bisibisi ya nyota moja inatosha. Ndani ndiko kwenye habari. Udongo mwekundu wa Kampala ulikuwa umeganda kwenye feni kama sweta, na nyuma ya kifaa cha umeme kulikuwa na mende waliokufa, maganda yao na mayai yao. Anayeshangaa hajawahi kuwa na kibanda. Mashine ina joto na giza, mende atafute nini kingine? Brashi ya rangi, spiriti na subira, basi. Ukiwa humo ndani badilisha na betri ya saa, CR2032, ile ya mviringo bapa inayouzwa kila duka la saa. Ikifa, mashine itakuuliza lugha, tarehe na saa kila unapoiwasha, na inachosha haraka.

Sasa lenzi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoua PS2, na nalisema hili kwa uchungu wa miaka. Kwenye kitengo cha lenzi kuna virekebishi vidogo sana vya nguvu ya mwanga. Fundi mwenye haraka huvizungusha, lenzi ikapata nguvu, sidii zikasoma, mteja akalipa akaenda na furaha yake. Baada ya muda lenzi inaungua, na safari hii hairudi. Baba mdogo aliuliwa lenzi nyingi namna hiyo na mafundi waliokuwa wakimwita mkubwa.

Kijana niliyempelekea mimi ana kimeza ghorofani katika mojawapo ya majengo ya maduka ya Luwum Street. Kazi yake ya kila siku ni vioo vya simu. Nilimpenda kwa sababu aliifungua mashine mbele yangu na hakukimbilia virekebishi. Alifuta lenzi kwa spiriti, akapaka grisi kwenye reli inazotelezea, akagusa kidogo sana kile kigurudumu cheupe cha plastiki kinachorekebisha kimo chake. Sidii za DVD zikaanza kusoma. Zile gemu za zamani za CD, zenye upande wa chini wa bluu, mpaka leo zinasumbua. Nikamwambia aache.

"Aunti, basi nikuwekee chipu?"

Nikakataa, na hapa inabidi nieleze kidogo. Enzi za kibanda, ili mashine ikubali sidii za kunakili, fundi alichomelea chipu ndogo kwenye bodi kwa nyaya nyembamba kama unywele, waya baada ya waya. Kibanda cha baba mdogo hakikuwahi kuona sidii halisi, tusidanganyane, na kila mashine yake ilikuwa na chipu. Waya mmoja ukilegea, mashine nzima inakuwa kichaa. Siku hizi hakuna sababu ya kuchoma bodi yenye umri wa miaka ishirini. Kuna Free McBoot, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya memori tu. PS2 ikiwashwa huangalia kama kwenye kadi kuna toleo jipya la programu yake. Njia hiyo waliiweka Sony wenyewe. Free McBoot inapita mlango huohuo, kisha inakufungulia menyu ya programu nyingine. Muhimu zaidi ni Open PS2 Loader, ambayo inachukua nakala ya gemu kutoka kwenye flashi, kwenye diski ngumu au hata kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao, na kuiaminisha mashine kwamba sidii imo ndani.

Ndiyo maana "haisomi" haikunitisha.

Kadi yenye Free McBoot nilitengenezewa na kijana huyohuyo kwa 40,000. Angalia jambo moja: lazima kadi iwe na MagicGate, ule ulinzi wa Sony. Kadi halisi ya Sony ya MB 8 inatosha kabisa. Kadi za bei ya kutupa zisizo na ulinzi huo zinakataa, na muuzaji hatakwambia.

La pili ni la watu wa nchi yenye umeme kama wetu. Usihifadhi michezo yako kwenye kadi hiyohiyo. Umeme ukikatika mashine ikiwa inaandika, kadi inaweza kuharibika, na ukipoteza kadi ya Free McBoot umepoteza ufunguo wa nyumba nzima. Kadi ya programu ikae tundu la kwanza, ya michezo ikae la pili.

Njia rahisi ya kuweka gemu ni flashi. Iumbize (format) kwa mfumo wa FAT32, na faili la zaidi ya GB 4 ulikate vipande kwa programu ya kompyuta. Lakini matundu ya USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, megabiti 12 kwa sekunde, pole kuliko hata msomaji wa sidii wa mashine yenyewe. Mechi ya mpira inakwenda vizuri; timu zinapoingia uwanjani ndipo picha inakwama na sauti inaanza kigugumizi. Kwa mtu anayejaribu tu, inatosha. Mimi ilinikera wikiendi ya kwanza.

Hapo ndipo mashine nene inapoishinda nyembamba. Mgongoni ina nafasi tupu, ya ukubwa wa diski ngumu ya kompyuta ya mezani ya inchi 3.5. Sony waliiweka kwa ajili ya diski yao ya GB 40 na adapta ya mtandao. Adapta ndiyo iliyonitoa jasho. Kampala haipatikani kirahisi; yangu alinibebea binamu kutoka Dubai, 70,000, na nilimnunulia rolex mbili, zile chapati za mayai, za shukrani juu yake. Diski haikuwa tatizo. Ni GB 80, ya zile za nyaya pana za zamani, imetoka kwenye kompyuta ya intaneti kafe iliyofungwa, 15,000. Inachomekwa kwenye adapta, adapta inasukumwa mgongoni, skrubu mbili zinakazwa, kwisha. Gemu zinafunguka haraka na lenzi inapumzika milele. Zilizomo ni nakala za sidii zangu halisi, ambazo nyingi nimeziokota soko la Owino kwa bei ya chapati.

Tivi. Hapa nina ugomvi na watu wanaoweka picha nzuri mtandaoni. PS2 ukiichomeka kwa ile nyaya yake ya njano, nyekundu na nyeupe kwenye tivi bapa ya inchi 43, inatia huruma. Picha yake ni ya mistari 480 au 576 inayopishana, na tivi mpya hujui inaifanyaje. Inaitandaza mpaka nyasi za uwanja zinakuwa uji. Mtoto wa dada yangu, aliyezoea gemu za simu, aliuliza kama miwani yake imechafuka. Baya zaidi ni kuchelewa: unabonyeza pasi, mchezaji anafikiri kwanza. Ukiwa na tivi bapa tu, nunua nyaya za komponenti (zenye ncha za kijani, bluu na nyekundu kwa picha), au ile adapta ndogo ya HDMI ya bei nafuu, ingia kwenye mipangilio ya mashine, toa RGB uweke Y Cb/Pb Cr/Pr (usipobadilisha, rangi zitakuwa za ajabu), kisha kwenye tivi washa hali ya gemu. Itakuwa afadhali. Haitakuwa nzuri.

Nzuri ni tivi ya chogo. Jirani alikuwa na ya inchi 21 aliyoifunika kitambaa na kuweka juu yake maua ya plastiki. Alinipa bure, tukabeba watu wawili. Picha ya PS2 kwenye kioo kile ni ileile ya kibandani: kali, yenye rangi, na ukibonyeza, mtu anapiga. Inveta yangu ndogo inaziendesha zote mbili umeme ukienda, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kila kitu sebuleni.

Padi nitapita haraka. Vitufe vya padi halisi vinahisi nguvu ya kidole, na umeme wake unapita kwenye karatasi nyembamba ya plastiki iliyokaa juu ya sponji. Sponji ikichoka, vitufe vinakuwa viziwi au vinajibonyeza vyenyewe. Fungua, weka tabaka moja au mawili ya utepe wa karatasi wenye gundi chini ya sponji, funga. Tulifanya hivyo kibandani na bado kunasaidia. Padi mpya za kuiga za 15,000 ziache; ni nyepesi na zinakufa haraka.

Kuna kitu ambacho sikukinunua ila kilikuja ndani ya 180,000. PS2 ikiwashwa, kabla ya menyu, unaona minara inaota kwenye giza. Wengi hudhani ni pambo. Minara ile inajengwa kutokana na kumbukumbu iliyomo kwenye kadi ya memori: kila gemu uliyoicheza ina mnara wake, mpaka gemu 21, na unayoicheza sana mnara wake unarefuka. Kadi niliyopewa na kijana wa Bweyogerere ilikuwa na msitu mzima. Humo ndani nikakuta faili la gemu ya mpira, Pro Evolution Soccer 6, na nilipolifungua nikacheka peke yangu. Mtu, siku za nyuma, alikaa na padi akachagua herufi mojamoja, akafuta majina ya timu ambazo Konami, waundaji wa gemu, hawakuwa na leseni nazo, zile za Merseyside Red (ndiyo Liverpool) na wenzake, akaandika ya klabu za hapa Uganda: SC Villa. Akaandika Express. Akaandika KCC, kabla haijawa KCCA. Akawapa Villa jezi za bluu, Express nyekundu. Wachezaji nao amewaandika, wengine kwa majina ambayo nina hakika ni ya marafiki zake, kwa sababu hakuna klabu yoyote duniani iliyowahi kuwa na mshambuliaji anayeitwa Mpishi mwenye kasi ya 99.

Nilimpigia yule kijana. Akasema kadi aliikuta na mashine, hajui ya nani. Basi nimeinakili kwenye kadi nyingine na halisi nimeihifadhi. Free McBoot ina kipengele cha kuruka ule mwanzo wa minara ili mashine iwahi kufunguka, nimekizima.

Na tunacheza Pro Evolution hiyohiyo. Jumamosi mdogo wangu anakuja na wenzake wawili, tunaweka sheria ya kibanda, anayefungwa anasimama. Mguu wa kushoto wa Adriano, mshambuliaji wa Brazil ndani ya gemu, ulipigwa marufuku nyumbani kwangu kwa kura. Mpira wa gemu hii ni wa polepole kuliko wa leo, una nafasi ya kufikiri, na kipa anaweza kufanya ujinga wa kibinadamu. Hakuna anayeulizwa nenosiri. Hakuna anayeambiwa asubiri GB 30 zishuke kwanza, kwa data ambayo tangu Julai 2021 tunailipia na kodi ya asilimia 12. Unabonyeza, unaona minara, unacheza.

Kasoro zake nimekwisha kuzigusa, lakini nyingine ni hizi. Feni inasikika, hasa usiku. Matundu ya padi ni mawili. Ukitaka wanne inabidi utafute kifaa cha kuongeza, na sijakiona Kampala. Ni nzito na inakula nafasi, ingawa ukiisimamisha wima unaweza kuzungusha ile nembo ndogo ya PS kwenye mlango wa sidii isomeke sawa, ufundi mdogo ambao mashine za sasa zimeusahau. Na anayetaka kucheza na watu walio mbali kupitia intaneti, hapa si mahali pake.

Kwa mtu aliye na tivi ya chogo na rafiki wa kukaa naye, naipa tisa kati ya kumi. Kwa mwenye tivi bapa na chumba cha peke yake, sita, tena kwa ukarimu.

Ukienda kununua, beba kadi ya memori na flashi uijaribu hapohapo, na uende mchana uone kibandiko vizuri. Nene ya mfululizo wa SCPH-30000 au SCPH-50000 ambayo namba yake inaishia 3 au 4, chukua hata kama haisomi, mradi inawaka na mgongo wake una nafasi ya diski. Nyembamba za mwisho, za SCPH-90000, uwe nazo makini: nyingi za mwishomwisho zilizibwa ule mlango wa kadi ya memori, Free McBoot haiingii. Na muuzaji akikwambia lenzi "imeongezwa nguvu" juzi, mrudishie mashine yake taratibu, mshukuru, panda boda.